Swali Juu ya Bastola

Mwalimu huogopa mambo machache darasani. Haogopi kelele, maana kelele zina dawa yake. Wala haogopi uvivu wa mwanafunzi, maana mvivu hujiadhibu mwenyewe. Aliogopalo ni neno dogo lenye silabi tatu tu: sijui. Nimefundisha historia na Kiswahili hapa Migori kwa miaka kadhaa, na nakiri ya kwamba kwa muda mrefu neno hilo lilikuwa gumu kinywani mwangu kuliko jina lolote la kigeni. Habari ninayotaka kukusimulia, msomaji, ni ya siku nilipolikimbia neno hilo, na ya safari ndefu niliyolazimika kuifanya mpaka nikarudi kulitamka.

Ilikuwa katika darasa la Kidato cha Tatu. Nilikuwa nikieleza habari za Vita Vikuu vya Kwanza katika nchi yetu. Wengi hudhani vita vile vilikuwa vya Ulaya peke yake, lakini moto wake uliwaka hata hapa. Mwezi wa Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilitoka kusini, katika nchi iitwayo leo Tanzania, kikavuka mpaka na kuingia Kisii. Tarehe 12 ya mwezi huo kikapambana na askari wa King's African Rifles. Kapteni E. G. M. Thorne, aliyewaongoza askari wa upande wa Waingereza, aliuawa siku ile. Kisii si mbali nasi. Ni safari ya gari isiyotimiza saa mbili. Na Karungu, bandari ndogo ya Ziwa Victoria ambayo leo imo katika Kaunti ya Migori, ndiyo iliyokuwa makao ya serikali ya kikoloni katika wilaya hii mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya makao hayo kuhamishiwa Kisii mwaka 1907. Niliwaeleza pia habari za wapagazi, maelfu ya wanaume waliochukuliwa kutoka Nyanza na sehemu nyingine kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Mtaa wa Kariakor ulioko Nairobi na ule wa Kariakoo ulioko Dar es Salaam ilipata majina yao kutokana na kikosi chao.

Ili somo lipate uhai, niliwaonyesha wanafunzi picha ya ofisa wa Kiingereza wa zama zile. Amefunga mkanda kiunoni, na mkandani imening'inia ala ya ngozi. Kando ya picha hiyo palikuwa na nyingine, ya bastola peke yake: mtutu mfupi, mpini uliopinda kama mdomo wa ndege, na katikati silinda, yaani gurudumu nene la chuma lenye matundu sita ya kutilia risasi. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Risasi ya kwanza ikiisha kutoka, ni kitu gani kinachoizungusha silinda ili tundu la pili lifike nyuma ya mtutu?"

Nilimjibu papo hapo, hata mate sikumeza. "Ni nguvu ya baruti," nikasema. "Risasi ikilipuka huisukuma silinda ikazunguka."

"Asante, mwalimu." Lakini hakuketi. "Na katika mvua za huku kwetu ziwani, waliizuiaje isishike kutu?"

"Kwa mafuta," nikasema. "Waliipaka mafuta tu."

Akaketi, akaandika. Darasa zima likaandika. Nilisimama pale mbele nikitazama kalamu zikikimbia juu ya daftari, zikiyahifadhi maneno ambayo mimi mwenyewe sikujua yalikotoka. Sikuyasoma popote. Yalizaliwa kinywani mwangu kwa sababu nilikuwa nimesimama na wao wameketi.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilianza kulichunguza jibu langu la kwanza, likaanza kuvuja kama mtungi wenye ufa. Ikiwa baruti ndiyo inayoizungusha silinda, je, risasi moja ikiwa mbovu isilipuke, mpigaji angefanyaje? Silinda isingezunguka, na bastola ingekuwa kipande cha chuma mkononi mwake. Hapana shaka jeshi lisingewapa maofisa wake silaha ya namna hiyo. Kabla ya kupambazuka nilikuwa na hakika ya jambo moja tu, nalo ni kwamba nimewafundisha watoto wa watu uongo.

Nikaazimia kutafuta kitabu. Hapa nataka nieleweke vizuri. Sikuwa na haja ya kuishika bastola, wala sina haja hiyo leo. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu kuwa na bastola bila cheti cha serikali, na hiyo ni sheria njema. Sisi wa Migori tunaishi karibu na mpaka, na tunajua wizi wa mifugo ulivyozidi kuwa mchungu tangu bunduki zilipochukua nafasi ya mikuki na mishale. Nilijiuliza kama yampasa mwalimu kutafuta elimu ya chombo kama hicho. Nikajijibu kwamba kisichojulikana huogopwa kupita kiasi au husifiwa kupita kiasi, na vijana wetu wameona katika sinema bastola zinazosifiwa vya kutosha. Zaidi ya hayo, nilikuwa na deni, na deni hulipwa kwa fedha ile ile iliyokopwa. Nilikosea juu ya bastola. Yanipasa nisahihishe juu ya bastola.

Maktaba ya shule haikunisaidia. Kilikuwamo kitabu kimoja cha hadithi za vita, chenye picha nyingi na maneno matamu. Baadaye niligundua kwamba mwandishi wake alimpa ofisa wa mwaka 1914 bastola ya Webley ya alama ya sita, ilhali bastola hiyo ilikubaliwa jeshini mwezi wa Mei 1915. Katika intaneti nilikuta maneno mengi. Kila msemaji alikuwa na hakika, na ni wachache mno waliotaja walikoyapata wasemayo. Nilifanana na mtu mwenye kiu aliyesimama katikati ya ziwa lenye matope.

Wakati wa likizo nilikwenda Nairobi nikaketi siku kadhaa katika maktaba, na rafiki yangu mmoja anayesoma ng'ambo akanipelekea nakala za kurasa nilizomwomba. Hivyo, kidogo kidogo, nikaanza kuijua jamii ya vitabu hivi. Nilikuja kutambua kwamba vitabu vya bastola za zamani ni vya namna tatu, na kila namna ina faida yake na upungufu wake.

Namna ya kwanza ni vitabu vya wakusanyaji, watu wanaopenda kuhifadhi vitu vya kale. Hivi huhesabu mihuri na namba zilizochongwa katika chuma, na hutaja bei. Mtu anaweza kuvidharau, lakini mimi vilinifundisha thamani ya tarehe. Kwa msaada wao nilijua kwamba bastola ya Webley, iliyotengenezwa katika mji wa Birmingham, ilikubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1887, ikafuatwa na alama ya pili mwaka 1894, ya tatu 1897, ya nne 1899, ya tano 1913 na ya sita 1915. Ya sita ina mtutu wa inchi 6 na mpini wa pembe. Zile za kabla yake zina mpini uliopinda kama mdomo wa ndege. Basi bastola ya picha yangu, yenye mtutu mfupi na mpini uliopinda, haikuwa ya alama ya sita. Lakini vitabu hivi havikunieleza kinachoizungusha silinda. Mkusanyaji huijua sura ya kitu kama mtu amjuavyo jirani ambaye hajaongea naye.

Namna ya pili ni vijitabu vya jeshi. Hivi vimeandikwa kwa amri: fanya hili, kisha fanya lile. Havina neno la ziada, na mchoro wake ni safi. Ndani ya kimoja nilikuta agizo lililonishangaza. Baada ya kupiga risasi, askari aliamriwa amimine maji yanayochemka ndani ya mtutu, aukaushe vizuri, ndipo apake mafuta. Nilidhani mpiga chapa amekosea. Ni nani asiyejua kwamba maji ndiyo mama wa kutu? Nilikisoma kijitabu kile mwanzo hadi mwisho nikitafuta sababu, nisiione. Askari haambiwi sababu. Huambiwa zamu yake.

Namna ya tatu ni vitabu vinavyoeleza kwa nini. Hivi ni vichache. Kimoja ni kitabu kikubwa cha mafunzo juu ya silaha ndogo, kilichotolewa na serikali ya Uingereza mwaka 1929, ambacho hueleza silaha zenyewe na pia elimu ya mwendo wa risasi. Kingine ni The Webley Story cha William Chipchase Dowell, kilichochapishwa mwaka 1962, kinachoifuatia historia ya kampuni ya Webley na bastola zake. Nilipofika kwenye vitabu vya namna hii nilihisi kama mtu aliyekuwa akibisha mlango siku nyingi, hatimaye akasikia sauti ndani ikisema, "Karibu."

Na habari ya maji yanayochemka? Sababu yake niliikuta kwa mwanakemia wa Marekani, Wilbert J. Huff, aliyefanya kazi katika Ofisi ya Migodi ya serikali ya nchi yake. Mwaka 1922 alichapisha uchunguzi wake juu ya kutu inayoota chini ya mafuta. Katika kitako cha kila risasi kuna fataki, kiasi kidogo cha dawa inayowaka ikipigwa na kuiwasha baruti. Fataki za zamani zilitiwa kloreti ya potasiamu. Dawa hiyo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni ndugu wa chumvi tuilayo. Chumvi hiyo hubaki ndani ya mtutu na kunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo huleta kutu. Mafuta hayawezi kuiyeyusha. Huifunika tu, nayo ikaendelea na kazi yake gizani chini ya blanketi. Maji huiyeyusha na kuiondoa, na yakiwa yanachemka hukipasha chuma joto kikakauka upesi. Basi askari walikuwa wakitumia dawa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuueleza ugonjwa sawasawa. Na mimi, niliyesema "mafuta tu", ningaliwaozea bastola zote za kikosi.

Kutokana na safari hiyo nilijifunza namna ya kukijua kitabu kizuri cha rejea. Nakuandikia hapa, msomaji, maana alama hizi zitakufaa hata kama unatafuta habari za cherehani, za redio au za pampu ya maji.

Kwanza, kitabu kizuri hutaja kinazungumzia kitu gani hasa, cha alama gani na cha mwaka gani. Kisemacho "bastola ya Kiingereza" na kuishia hapo kimekwisha kukupoteza. Pili, mchoro wake na maneno yake husema jambo moja. Mchoro bora huonyesha chombo kana kwamba kimepasuliwa kwa kisu, na kila sehemu ina namba na jina. Tatu, hukupa sababu pamoja na agizo, ili likitokea jambo ambalo mwandishi hakulifikiri uweze kuendelea kwa akili yako.

Nne, hutaja hatari. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, bastola nyingi za Webley za alama ya sita ziliuzwa Marekani, na nyingi katika hizo zilipunguzwa chuma nyuma ya silinda ili zipokee risasi ya aina nyingine iliyopatikana kwa urahisi huko. Lakini risasi hiyo, ikiwa na nguvu yake kamili, huleta msukumo unaopita kiasi ambacho bastola ile ilipimwa kustahimili. Mtu anayesoma jedwali la zamani la jeshi hawezi kulijua hilo, kwa kuwa jedwali liliandikwa kabla bastola haijabadilishwa. Kitabu kisichomwonya kinaweza kumgharimu mkono au macho.

Tano, na hili ndilo lililonichoma, kitabu kizuri hukiri mpaka wa elimu yake. Waandishi bora niliowasoma hawakuona haya kusema kwamba jambo fulani halikuandikwa popote, au kwamba namba fulani ni kadirio tu. Nilishangaa kuona kwamba kila walipokiri hivyo, nilizidi kuwaamini katika mengine. Nikawaza juu ya mwalimu mmoja wa Migori ambaye hakukiri.

Hata hivyo, kusoma ni kitu kimoja na kuelewa ni kingine. Kitabu kilinieleza kwamba nyuma ya silinda yamechongwa meno sita, na kwamba kifyatuo, kile kinachovutwa kwa kidole, kimeshikamana na ulimi mdogo wa chuma. Mtu akikivuta kifyatuo, ulimi hupanda ukasukuma jino moja, na silinda ikazunguka sehemu moja ya sita ya duara. Kizuizi kidogo huingia katika pengo na kuishikilia imara, na nyundo, ambayo wakati huo wote ilikuwa ikirudi nyuma, huachiliwa ikapiga fataki. Kifyatuo kikiachwa, springi, ambayo kamusi za zamani huiita kamani, hukirudisha mahali pake, na ulimi ukashuka tayari kwa jino linalofuata. Niliyasoma maneno hayo mara nne. Nilishindwa kuelewa kwa nini ulimi, unaposhuka, hauirudishi silinda nyuma.

Jibu nililipata karibu na soko la Migori, kwa mzee mmoja fundi wa baiskeli. Nilikuwa nimempelekea baiskeli yangu, maana pedali zilizunguka bure na gurudumu halikwenda.

"Karibu, japuonj," akasema, kwa neno ambalo Wajaluo humwitia mwalimu. "Hii ni friwili."

Akaifungua juu ya kipande cha gunia. Ndani palikuwa na meno yaliyopangwa kwa duara, na ndimi mbili ndogo za chuma zilizoegemezwa kwenye meno hayo kwa springi nyembamba kama unywele. Moja ya springi hizo ilikuwa imekatika, na ulimi wa pili ulikuwa umekwama ndani ya grisi iliyokauka.

"Tazama," akasema, akiusukuma ulimi kwa ncha ya bisibisi. "Ukienda huku, unalishika jino. Ukirudi huku, unalala, unapita juu yake. Ndiyo ile tak-tak-tak unayoisikia ukiacha kukanyaga."

Nilichuchumaa pale mbele ya gunia lake nikacheka peke yangu. Miezi yote ile nilitafuta katika vitabu vya London kitu nilichokuwa nikikipanda kila asubuhi kwenda shuleni. Ulimi hushika ukienda na hulala ukirudi: hiyo ndiyo siri yote. Lakini nakiri pia kwamba bila vitabu vile ningalitazama friwili maisha yangu yote nisijue kwamba inanijibu. Kitabu kilinipa swali la kumwuliza fundi, na fundi akanipa macho ya kukisomea kitabu.

Sasa nilikuwa tayari kurudi darasani. Na hapo ndipo majaribu yaliponikuta.

Katika kusoma habari za kampuni ya Webley nilikuwa nimekutana na bastola moja ya ajabu. Ilibuniwa na ofisa wa Kiingereza, George Fosbery, nayo ilianza kuuzwa mwaka 1901 kwa jina la Webley-Fosbery. Katika bastola hii mtutu na silinda huteleza nyuma kwa nguvu ya mlipuko. Silinda imechongwa mifereji ya kwenda upogo, na kijiti cha chuma kilichokaa imara kwenye kiunzi hupita ndani ya mifereji hiyo, kikailazimisha silinda izunguke. Kwa maneno mengine, katika bastola hii, nguvu ya baruti ndiyo inayoizungusha silinda! Jeshi la Uingereza halikuikubali rasmi, lakini baadhi ya maofisa waliinunua kwa fedha zao.

Wajua, msomaji, nilivyofurahi? Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yangu. Ningeweza kuingia darasani na kusema, "Siku ile nilikuwa nikiwaeleza habari za Webley-Fosbery, leo nitawaeleza bastola nyingine." Kila neno ndani ya sentensi hiyo lingeweza kutetewa kwa kitabu, isipokuwa sentensi yenyewe. Hakuna mwanafunzi hata mmoja ambaye angejua. Heshima yangu ingebaki, tena ingeongezeka. Nilikaa na wazo hilo siku mbili. Siku ya tatu niliitazama tena ile picha niliyowaonyesha. Silinda yake haikuwa na mifereji ya upogo. Picha haikuweza kusema uongo kwa ajili yangu, na nikaona haya kuwa mwongo kuliko karatasi.

Nilipoingia darasani niliwaambia wanafunzi wafungue daftari zao mahali pale. "Pigeni mstari juu ya majibu yangu mawili," nikasema. "Yote mawili si kweli. Sikuyasoma mahali popote. Niliulizwa nisilolijua, nikaona aibu kusema hivyo."

Darasa lilinyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, lakini hakuna aliyecheka. Nikachora silinda ubaoni na meno yake sita, na ulimi, na kifyatuo. Nikaitoa friwili ya zamani aliyonipa fundi, nikaipitisha mkono kwa mkono, na chumba kizima kikajaa tak-tak-tak. Nikawaeleza chumvi na maji yanayochemka. Na nikawaeleza pia bastola ya Fosbery mahali pake panapostahili, yaani kama kitu cha ajabu, wala si kama ngao yangu.

Yule msichana wa karibu na dirisha akainua mkono. "Kwa hiyo, mwalimu, katika ile ya picha, ni kidole ndicho kinachoizungusha?"

"Naam. Ni kidole kinachofanya yote: kuizungusha silinda, kuirudisha nyundo, na kuiachia."

Akafikiri kidogo. "Basi kumbe haijizungushi yenyewe," akasema. "Kila mara lazima pawe na mtu aliyetaka."

Sikuwa na la kuongeza. Nimesoma vitabu vingi juu ya chombo kile, na hakuna kilichokieleza kwa maneno machache kama hayo.

Kisha mvulana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akasimama. "Mwalimu, umesema kwamba katika vitabu vile kila msumari wa bastola una jina lake na namba yake. Je, kuna kitabu chenye majina ya wapagazi waliotoka kwetu?"

Nilijua machache. Nilijua kwamba Geoffrey Hodges alichapisha mwaka 1986 kitabu kizima juu ya kikosi cha wapagazi. Nilijua pia kwamba mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti, ikakiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki, hawakukumbukwa kwa majina yao kama walivyokumbukwa wazungu. Niliwaambia hayo. Lakini mvulana hakuuliza hayo. Aliuliza majina ya watu wa kwetu.

"Sijui," nikasema.

Neno lilitoka bila taabu. Dari haikuanguka.

"Sijui," nikarudia, "lakini tutafute."

Tulianza wiki ile ile. Kila mwanafunzi aliagizwa awaulize wazee wa nyumbani kwao kama kuna babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita, na kama alirudi. Niliwafundisha waandike alama zile zile nilizojifunza kwa taabu: ni nani aliyesema, alisema lini, aliona mwenyewe au alisikia, na ni jambo gani asilolijua. Wengi walirudi mikono mitupu. Wachache walirudi na jina moja. Mmoja alirudi na majina mawili na habari ya mzigo uliokuwa mzito. Kila palipokosekana jibu tuliandika kwamba halikupatikana, wala hatukujaza pengo kwa maneno yetu.

Daftari hilo limo katika kabati la darasa. Ni jembamba, na kurasa nyingi bado ni tupu. Mwaka mpya ukianza, hukabidhiwa wanafunzi wanaofuata, nami huwasimulia kwanza habari ya bastola, ili wajue kwa nini mwalimu wao hawaoni haya watoto wanaoandika "haijulikani".